Joto la Arobaini

Johannesburg,
21 Mei 2023

Shangazi yangu Mayasa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani na miwani yako ya kufungwa uzi, unamgombeza mtu. Sisi huku wazima. Ameir anakusalimu sana. Bado yuko kwenye lile duka la jumla la mablanketi mjini, na miezi hii ya baridi hawapati hata nafasi ya kukaa. Tumbo langu limekua mpaka miguu yangu siioni. Zahanati wamesema nitegemee mwishoni mwa mwezi wa sita.

Najua simu ingekuwa rahisi, ila masikio yako yamegoma, na wewe hutaki mambo yetu yapitie kwa jirani akupigie kelele mtaa mzima usikie. Basi tutaendelea kumsumbua Mansour atubebee barua katika safari zake za basi. Anasema wiki mbili utakuwa umeipata. Mimi nahesabu tatu.

Sasa nikupe habari yenyewe. Tumehama Joubert Park. Lifti ya lile jengo ilikufa tangu mwaka jana, na mimi kupanda ghorofa saba na tumbo hili siwezi tena. Tumepata chumba Brixton, nyuma ya nyumba anayoishi Ma Mamie, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi anayesuka nywele. Nakwambia ukweli usije ukausikia kwa Mansour: chumba chetu kilijengwa kwa ajili ya kuwekea gari. Sakafu ni saruji yenye doa la oili ambalo nimelisugua likanishinda. Mlango ni bati zima linaloinuliwa kwenda juu. Dirisha hakuna, ila kuna vitundu vinne vya hewa kwenye ukuta karibu na dari. Humo ndimo inamopitia baridi, na chini ya mlango pia.

Baridi ya huku usiifananishe na ya Lushoto. Asubuhi maji ya ndoo yanaganda juu. Tuna hita ya umeme, lakini umeme wetu unakuja kwa waya mrefu kutoka jikoni kwa Ma Mamie. Tukiwasha hita na yeye akawasha birika, nyumba nzima inazimika. Siku hizi kila akitaka chai anakuja kwanza kugonga mlango wetu kuuliza kama hita imewashwa. Na juu ya hayo kuna mgao, umeme unaondoka kwa saa mbili, hata saa nne, na hatujui lini.

Kwa hiyo nauliza, Shangazi. Arobaini yangu nitaikalia vipi humu? Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki akiwa ndani ya arobaini yangu, na nusu ya wazazi wa mtaa wetu wamepita mikononi mwako. Niambie la kufanya nami nitafuata.

Mwanao,
Bushra


Tanga,
9 Juni 2023

Mwanangu Bushra,

Marahaba. Mie mzima, ni magoti tu yanayonikumbusha umri. Saida wa nyumba ya pili ameoza binti yake na pilau lilikuwa na mawe. Paka wako amezaa tena, ndani ya kabati langu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na bado imenichanganya. Hilo gari lenyewe liko wapi? Mtu anajenga nyumba ya gari, ina ukuta na ina dari, halafu gari linalala nje na watu wanalala ndani? Na mlango unapanda juu, ukifika huko juu unakwenda wapi? Nimemuuliza Mansour akachora kwenye mchanga, nikazidi kupotea. Mwambie mumeo anitumie picha.

Lakini la uzazi silo la kunichanganya. Mzazi ni joto. Mwili wake uko wazi, upepo ukimwingia haumtoki mpaka uzeeni, utamkuta kila masika anashika kiuno. Fanya hivi. Kitanda kiinueni. Mkaa uwashiwe nje, ukishashika vizuri na moshi umekwisha, utie makaa kwenye karai na uliingize chini ya kitanda, asubuhi na jioni. Lala juu yake na kanga nzito. Tupia ubani kidogo. Hivyo vitundu vya ukutani uvizibe vyote, na chini ya mlango tia gunia. Kama hakuna wa kukukanda, Ameir akukande maji ya moto. Hapo haya iwekeni pembeni. Uji uwe na pilipili manga mpaka jasho likutoke puani.

Nimempa Mansour pilipili manga, mdalasini, ubani, habbat soda na kanga jozi nne. Mkaa sikumpa, nadhani huko upo.

Hayo ya mama yako yamepita, tumwombee. Wewe angalia la mbele yako.

Shangazi yako,
Mayasa


Johannesburg,
13 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo na hongera, umepata mjukuu. Tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita, alfajiri, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo. Ana paji la uso lako, kwa hiyo jiandae, atakuwa mbishi. Tumempa jina la mama, Jamila. Sikukuuliza kwanza, nisamehe. Jina lilinitoka tu pale hospitali walipoleta fomu. Ameir amekuwa chizi kwa furaha. Anakwenda kazini na picha tatu anawaonyesha wateja wa mablanketi.

Mzigo ulifika siku nne kabla sijajifungua na nimefuata kila neno. Ameir ameinua kitanda kwa matofali. Ma Mamie alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. Anasema watu wa hapa wanainua vitanda hivyohivyo kwa kumwogopa kibwengo mfupi anayeitwa tokoloshe, akadhani nasi tumeshakuwa wenyeji. Vitundu vyote vinne tumeviziba kwa magazeti na gundi ya karatasi. Chini ya mlango kuna blanketi la dukani lenye kasoro. Makaa nayapata mtaani, wanayauza kwa mfuko. Yakishawekwa, chumba kinakuwa na joto hadi navua sweta.

Na ilikuwa lazima. Jumatatu hii ilianguka theluji, Shangazi. Watu wazima walitoka barabarani kucheza nayo, Ma Mamie naye na bigudi zake za kukunjia nywele kichwani. Mimi niliiona kupitia upenyo wa mlango, nikarudi juu ya makaa yangu nikakushukuru.

Yapo mawili nataka kukuuliza. Asubuhi nikiamka kichwa kinanigonga na tumbo linachafuka. Nikienda chooni nyumbani kwa Ma Mamie, nikirudi nimepona. Labda ubani umezidi? La pili, mtoto analala sana. Wenzangu zahanati wanalalamika hawapati usingizi, mimi wangu namwamsha kumnyonyesha na bado hashiki vizuri. Ma Mamie anasema nimejaliwa mtoto mtulivu. Mimi sijui. Nasikia fahari, na papo hapo nasikia hofu nisiyoijua ya nini.

Nijibu upesi.

Bushra


Tanga,
15 Julai 2023

Mwanangu,

Barua yako bado haijafika lakini Mansour amepigiwa simu na mumeo, akaja kunipigia makelele ya furaha sikioni mpaka kuku wakatawanyika. Alhamdulillahi. Nimechoma ubani na nimegawa kashata mtaa mzima.

Mansour anasema pia huko imeanguka barafu kutoka mbinguni. Basi usiridhike na karai moja. Tia mawili, na usiku uache moja liwake. Kichwa kikikuuma usishtuke, huo ni ubani tu; punguza ubani, makaa usipunguze. Wazazi wengi hulalamika hivyo wiki ya pili na ya tatu.

Jina la mtoto Mansour hakulisikia vizuri. Niandikie.

Shangazi yako


Johannesburg,
6 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sote tu hai, na leo nalisema neno hilo kwa maana yake. Jamila yuko kifuani kwangu ninapoandika. Barua yako ya tarehe kumi na tano imefika jana, ile inayosema niongeze karai la pili. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Ma Mamie.

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, Ameir alitoka kwenda kazini gizagiza. Kabla ya kuondoka aliniwekea makaa, akashusha mlango, akarudisha blanketi mahali pake kwa nje. Kichwa kilikuwa kinaniuma toka usiku. Nilimchukua mtoto nikamlaza ubavuni. Nakumbuka nilitaka kuinuka nimbadilishe nepi, miguu haikunitii, nami sikujali. Ndicho kinachonitisha mpaka sasa, kwamba sikujali. Niliona ni usingizi mzuri.

Ma Mamie alitaka kuwasha birika. Akaja kugonga, kama kawaida yake. Siku zile hita tulikuwa hatuiwashi hata kidogo, makaa yalitosha, lakini mazoea yamemkaa. Akagonga sikujibu. Angeweza kwenda kunywa chai yake. Anasema alisimama pale, akaona aibu kugonga tena kwa mzazi, kisha akaona ajabu kwamba hata mtoto hajalia. Akainua mlango.

Alitutoa uani, mimi kwa kunikokota makwapani, mtoto kwa mkono mmoja. Niliposhtuka nilikuwa nimelala kwenye majani yenye umande, na yeye analia na kunigombeza. "Makala inaua, mutoto wa watu. Mulifunga mulango na matundu yote ya nini? Eish, Bushra, ya nini?" Kwao mkaa ndio makala.

Hospitali walituwekea hewa ya mipira puani siku mbili. Nesi mmoja, mama mtu mzima, alikaa kitandani kwangu akaniuliza tunachoma nini ndani. Nilimweleza yote kwa kujivunia, Shangazi, karai, kitanda, vitundu. Akasema mkaa uliokwisha moshi ndio mbaya zaidi, kwa sababu unatoa hewa ya sumu ambayo haina rangi wala harufu, na mtu hajui. Kichwa, kichefuchefu, usingizi. Alisema kila baridi wanaletewa watu hivyo, familia nzima, na wengi wanafika wameshachelewa.

Nikamwambia shangazi yangu amehudumia wazazi tangu kabla sijazaliwa na hakuna aliyedhurika. Akasema, labda nyumba zao zilikuwa zinapumua.

Nimechanganyikiwa. Sikulaumu, ulinifundisha ulichofundishwa. Lakini toka siku ile nina neno moja limenikaa kooni. Nikiuliza mama alikufa kwa nini, mnaniambia damu ilimpanda kichwani. Alikuwa siku ya ngapi? Alikuwa amelala juu ya makaa? Aliumwa kichwa?

Nijibu, tafadhali.

Bushra


Johannesburg,
10 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Mansour amekuja na kifurushi: kanga, kashata, na ile kofia ya sufu uliyomfumia Jamila. Nilitafuta barua nikapindua kila kitu. Nimepata kipande cha karatasi kimefungwa ndani ya kofia, kimeandikwa "Usitie mkaa tena ndani." Basi. Miaka yote hii hujawahi kunitumia mzigo bila barua.

Nilimbana Mansour aniambie kama unaumwa. Anasema u mzima, ila siku alipokupa barua yangu uliisoma umesimama, ukaingia ndani na hukutoka kumuaga kama kawaida yako.

Kama unaogopa tunaganda, usiogope. Siku kumi zilizobaki za arobaini tulilala sebuleni kwa Ma Mamie. Tuliporudi, Ameir alitandika zulia kuukuu juu ya saruji na kutundika mablanketi mawili mbele ya mlango wa bati. Vitundu tumevizibua. Jioni Ma Mamie anazima kila kitu chake saa moja mpaka saa tatu ili sisi tuwashe hita, kisha tunaingia kitandani na chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga zako. Joto si kama la makaa. Asubuhi pua ni ya baridi, lakini kichwa chepesi, na Jamila siku hizi analia kweli kweli. Majirani wote wanamjua.

Nimekuuliza maswali matatu. Kama hutaki kunijibu, andika kwamba hutaki. Ukimya wako unanifanya nifikirie mambo mabaya kuliko jibu lolote.

Bushra


Tanga,
2 Oktoba 2023

Mwanangu Bushra,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza kunusanusa. Paka wako nimemfukuza, akarudi. Mie siumwi. Barua yako ya mwezi wa nane ilinifika mapema, niliisoma, nikaikunja, nikaenda kuchambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua.

Kwanza nilikasirika. Nilisema nesi wa huko anajua nini, mimi nimehudumia wazazi thelathini na zaidi. Nikakaa nikawahesabu. Nilipomaliza kuwahesabu wao nikaanza kuzikumbuka nyumba zao, moja moja, kwa ajili ya lile neno la nyumba kupumua. Zote zilikuwa za makuti, au bati tupu lisilo na dari. Ukilala chali unaona mwanga kwenye pembe za paa. Tuliziba madirisha, lakini juu kulikuwa wazi, wala hatukujua kwamba kulikuwa na faida.

Chumba cha mama yako ndicho cha kwanza kuwa na dari. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amepata kazi bandarini. Alipigilia mbao, akaziba kila upenyo, akapaka rangi nyeupe, wiki tatu kabla hujazaliwa. Tulikwenda kuitazama kama watu wanaotazama maharusi. Nilimwambia kaka, sasa joto la mzazi halitatoka.

Ilikuwa masika ya mwaka tisini na nane, mvua haikukatika. Nilichukua kanga nikaziba dirisha, nikatia gunia chini ya mlango. Mimi mwenyewe, hakunituma mtu. Mama yako aliumwa kichwa siku nne. Nikamwambia ni ubani, maneno yaleyale niliyokuandikia wewe.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Usiku ulilia sana, nikakutoa nikakaa nawe ukumbini ili yeye apate usingizi. Alfajiri nilikwenda kumwamsha. Midomo yake ilikuwa myekundu, nikasema mashallah, joto limemwingia vizuri. Nikamshika mkono ndipo nikajua. Wazee waliokuja kumwosha wakasema damu imempanda kichwani, nami nikaitikia, na nimeitikia hivyo miaka ishirini na mitano.

Sasa unaniuliza. Sijui, Bushra. Wallahi sijui. Siwezi kusema ndiyo na siwezi kusema siyo. Nilikuwa mtu anayejua kazi yake, na leo hata nikikumbuka wale waliopona sielewi nani aliwaponya. Juzi amekuja mtu kuniita kwa mkwewe aliyejifungua, nimesema magoti. Si magoti.

Nilimpenda mama yako. Kama hutaniandikia tena, nitajua kwa nini.

Mayasa


Johannesburg,
24 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Baridi imekwisha huku. Tunaacha mlango juu mchana kutwa na Jamila anajaribu kukaa, anaanguka, anacheka. Ameir anakusalimu. Barua yako sijamsomea.

Hii ni ya tano kuianza. Ya kwanza ilikuwa ya hasira na nashukuru nimeichana. Ya pili nilikuomba radhi, kisha nikajiuliza radhi ya nini. Naamka nikikuchukia, na mchana nikimvalisha Jamila kofia yako nakukumbuka mpaka nalia, na jioni sijui niko upande gani. Nesi hakuwepo. Mimi sikumbuki. Wewe hujui. Hakuna wa kutuamulia.

Lakini mimi nimelala juu ya makaa hayo, Shangazi, kwa mkono wangu nimeziba vitundu vya mwanangu, na nilikuwa nakutii kwa mapenzi. Kwa hiyo nakujua ulivyokuwa usiku ule. Sikuachi.

Nakuuliza jambo moja tu, kisha sitauliza tena. Uliponitoa chumbani, mama alikuwa macho? Alisema chochote?

Bushra


Tanga,
15 Novemba 2023

Mwanangu Bushra,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Mimi mzima. Mbusu Jamila, na mshukuru Ma Mamie kwa niaba yangu, mwambie kuna mtu Tanga anamwombea kila sala.

Alikuwa macho. Alikupapasa kichwani akasema, "Akinyamaza unirudishie."

Hukunyamaza mpaka alfajiri.

Shangazi yako